Mazuti, Mabati na Kaye ya Papa Zamu: Uchambuzi wa Kisa cha Jengo Moja la Lubumbashi

*Jina la taasisi, mtaa ilipo na majina ya wahusika yameondolewa. Vipimo vimezungushwa, na mambo machache ya jengo yamebadilishwa ili lisitambulike.*

## Usuli

Taasisi yenyewe hufundisha uhasibu na ufundi. Jengo lake ni la matofali ya kuchoma, la tangu enzi za ukoloni, lina sehemu ya chini na ghorofa moja juu. Chini kuna ofisi, chumba cha walimu na kijichumba cha seva. Juu kuna madarasa, na upande wa magharibi kabisa ukumbi wa kompyuta. Paa ni la mabati yaliyokwisha kushika kutu, na chini yake kuna dari ya plaiwudi tu.

Anayeijua Lubumbashi kwa sifa ya migodi huenda asijue hali ya hewa yake. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Tangu Mei hadi Septemba mvua hainyeshi. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kuvaa koti, na Oktoba, kabla mvua hazijakaza, ndiyo inayoizidi miezi yote kwa joto. Kuelekea mwisho wa Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa, kwa hiyo sehemu ya jengo inayopigwa zaidi ni paa, wala si ukuta. Lakini hata mwezi huo usiku hupoa vizuri. Nje panaweza kuwa nyuzi 33 saa tisa alasiri, na kabla ya alfajiri zikashuka hadi 17 au 18.

Kila Oktoba wanafunzi wa juu walilalamika, na kila mwezi hesabu ya mazuti, yaani dizeli ya jenereta, iliumiza. Umeme wa mtandao (gridi) ulikatika mara kwa mara, na wakati huo jenereta ya kVA 60 ilibeba jengo zima, mchana na usiku. Mezani kwa Mama Mkurugenzi zilikuwepo ankara mbili za makadirio: moja ya viyoyozi vipya kwa madarasa yote, nyingine ya paneli za jua. Tuliitwa kumsaidia kuchagua kati ya hizo mbili. Tukamwomba asilipe chochote kwanza, tupime. Alikubali kwa shingo upande, kwa sababu Oktoba ilikuwa imeshabisha hodi.

## Tulichopima, na saa zilizokataa kukubaliana

Tulitundika vinasa joto na unyevu katika vyumba vyote vya juu na baadhi ya vile vya chini, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi, mbali na jua la dirishani na mbali na mdomo wa kiyoyozi. Kimoja kilipanda darini, kati ya plaiwudi na mabati. Kingine kiliwekwa nje kivulini. Kwenye kabati kuu la umeme tulibana vipima mkondo kwenye kila fesi (moja ya nyaya tatu zinazoleta umeme jengoni), pamoja na kipima volti. Kifaa kimoja cha kupima hewa ukaa (CO2) kilizungushwa darasa hadi darasa. Wanafunzi na walimu walijaza vikaratasi mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri: umekaa wapi, na unajisikiaje, kuanzia baridi kali hadi joto kali, kwa ngazi saba zinazotumika kwa kawaida katika tafiti za namna hii.

Tatizo la kwanza lilikuwa wakati. Kipimo cha umeme hakikuwa na betri ya kutunza saa, kwa hiyo umeme ulipokatika na kurudi, chenyewe kiliamini ni tarehe 1 Januari 1970. Siku nyingi za vipimo zililundikana juu ya tarehe hiyo moja. Juu ya hayo, kompyuta ya ofisini iliyokuwa ikipokea vipimo vya joto ilipangwa kwa saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja. Ukichora mchoro bila kusahihisha, vyumba vinaonekana kupata joto kabla jua halijavifikia.

Aliyetuokoa ni mlinzi wa usiku, Papa Zamu, kama kila mtu alivyomwita pale. Alitukuta uani tukibishana juu ya saa, akasubiri tumalize.

“Mukubwa, hiyo mashini inakudanganya,” alisema. “Njoo uangalie kaye yangu.”

Kwenye kaye hiyo, yaani daftari lake, aliandika kila mara kuranti (umeme wa mtandao) ilipoondoka, grupe (jenereta) ilipowashwa, ilipozimwa, na madumu mangapi ya mazuti yalimiminwa. Alikuwa akiandika hivyo kwa miaka, kwa sababu huko nyuma walinzi walishukiwa kuuza mazuti, naye hakutaka kesi. Kaye ilikuwa ngao yake. Kwetu ilikuwa jedwali la takwimu lililoaminika kuliko yote, tena lililoanza muda mrefu kabla hatujafika. Tuliilinganisha na mita ya saa iliyo kwenye jenereta yenyewe na tofauti ilikuwa ndogo mno. Basi kila ukatikaji wa umeme uliokuwa kwenye kaye ukawa kigingi cha kufungia vipimo vyetu vilivyopotea wakati, na mlolongo mzima ukanyooka.

Tulimwomba ruhusa ya kupiga picha kurasa zile, tukamwambia kabisa tunazitakia nini. Hilo si jambo dogo. Daftari la mtu anayejilinda na shutuma halichukuliwi kiholela likageuzwa ushahidi.

## Takwimu zilionyesha nini

Kawaida mchambuzi huanza kwa kulinganisha umeme wa siku na joto la nje. Siku zikiwa na joto zaidi, umeme unapaswa kupanda. Hapa nukta zilitawanyika kama mtama uliomwagika. Joto la nje halikueleza karibu chochote. Kilichoeleza matumizi ni idadi ya saa ambazo umeme wa mtandao ulikuwepo: ukirudi, kila mtu anawasha kila kitu, iwe kuna joto au hakuna, maana nani ajue utakaa hadi lini. Tukaacha kuhesabu kilowati-saa kwa siku, tukahesabu kwa kila saa yenye umeme, na mtandao na jenereta tukavitenga. Kuanzia hapo mambo manne yalijitokeza.

La kwanza ni fesi. Fesi moja kati ya tatu ilibeba zaidi ya nusu ya mzigo wa jengo. Viyoyozi viliongezwa kimoja kimoja kwa miaka, na kila fundi aliunga pale palipokuwa karibu. Alasiri volti kwenye fesi hiyo zilishuka hadi 175 hivi, badala ya 220. Katika volti hizo kompresa za viyoyozi, yaani sehemu inayopoza, zilishindwa kuanza, feni ya ndani ikaendelea kupuliza hewa ileile ya chumba. Mwalimu anaona kiyoyozi kinapuliza, hakipoi, anashusha rimoti hadi 16. Hapo ndipo yalipotoka malalamiko kwamba viyoyozi vya zamani ni dhaifu na vinahitaji kubadilishwa. Mchoro wa mkondo ulikuwa wazi: kwa saa nyingi za alasiri vilikula umeme wa feni tu.

La pili ni paa. Saa tisa alasiri hewa ya darini ilipita nyuzi 50. Vyumba vya juu vilikuwa na nyuzi 32 hadi 34, wakati mwingine zaidi ya nje kivulini, na vya chini vilibaki kwenye 27 au 28. Lililotushangaza zaidi ni usiku. Nje hewa ilishuka hadi 18, lakini ndani kule juu ilibaki 26 mpaka asubuhi, kwa sababu mhudumu alifunga madirisha yote saa kumi na moja jioni kwa hofu ya wezi na mbu. Jengo lilianza siku mpya na joto la jana. Walioujenga ukuta huo walilijua jambo hili: chini ya dari, kila chumba kilikuwa na matundu ya hewa mawili hadi manne. Yote yalizibwa kwa saruji siku viyoyozi vilipoletwa.

La tatu ni hewa. Nje hewa ukaa ni kama sehemu 420 kwa milioni. Darasani, madirisha yakiwa yamefungwa na kiyoyozi kikivuma, ilipita 2,500 kabla ya kipindi cha pili kwisha. Kiyoyozi cha ukutani cha kawaida huzungusha hewa ya ndani, hakileti mpya. Vikaratasi vilitusaidia hapa: kulikuwa na vipindi vya asubuhi ambapo joto lilikuwa nyuzi 25 tu, na bado wengi waliandika “joto” na “kichwa kizito”. Mtu aliyekosa hewa safi hulaumu joto, na mwenye jengo akimsikiliza kijuujuu atanunua kiyoyozi kingine.

La nne ni usiku wa jenereta. Umeme ukikatika usiku, jenereta ileile, yenye uwezo wa kilowati 48, iliwashwa kubeba kilowati 3 hivi: seva na kiyoyozi chake, friji, boila la maji ambalo hakuna mtu aliyekuwa akilitumia saa hizo, na taa mbili kubwa za halojeni uani. Kwa kaye ya Papa Zamu, mashine ilikunywa karibu lita 4 kwa saa. Yaani zaidi ya lita moja ya mazuti kwa kila kilowati-saa moja. Mashine ya aina hiyo ikibeba robo tatu ya uwezo wake hutoa kilowati-saa kwa takriban theluthi ya lita. Isitoshe, dizeli inayotembezwa bila mzigo wa kutosha haiunguzi mafuta yake sawasawa. Masizi na mafuta mabichi hujaa kwenye bomba la moshi, na fundi huitwa kabla ya wakati.

## Maamuzi na sababu zake

Kusawazisha fesi kulifanywa kwanza kwa sababu hakukuwa na gharama ya maana: fundi umeme mmoja, Jumamosi moja, na waya kidogo. Boila likafungiwa swichi ya saa, halojeni zikabadilishwa kwa taa za LED, na seva ikahamishiwa chumba chenye ukuta wa kusini kisichopigwa na jua la alasiri. Mzigo wa usiku ukashuka chini ya kilowati moja.

Baada ya hapo ndipo tuliposhauri inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kutumika jengoni) na betri za kilowati-saa 15. Mpangilio huu una maana yake. Betri zingenunuliwa kwa mzigo wa zamani wa kilowati 3, zingehitajika mara tatu yake, na fedha zingekwisha hapo. Betri zilijazwa na mtandao ukiwepo, au na jenereta mchana inapokuwa tayari inabeba mzigo wa maana.

Paneli za jua ziliahirishwa. Mama Mkurugenzi hakupenda, maana mfadhili mmoja alikuwa amezisikia na kuzipenda. Hoja yetu ilikuwa nyepesi: mabati yale yalihitaji kuguswa, na hakuna anayefunga paneli juu ya paa atakalolipanda tena mwaka ujao. Viyoyozi vipya navyo vilifutwa. Vilivyokuwepo vikabaki, na kila darasa likapata feni za dari. Feni inakula wati 50 hadi 70, kiyoyozi kidogo hula zaidi ya mara kumi ya hapo, na hewa inayotembea humfanya mtu avumilie nyuzi mbili hadi tatu zaidi bila kulalamika.

Matundu ya hewa yalizibuliwa juu, yakawekwa wavu wa mbu na nondo. Hapo mhudumu aliendelea kufunga madirisha yake jioni kwa amani, na hewa ya usiku ikapita. Sikuona sababu ya kupigana na woga wa wezi wakati ukuta wenyewe ulishatoa jibu.

Kuhusu paa, fedha zilitosha rangi nyeupe kwa mabati yote, au pamba ya kuzuia joto kwa paa lote, si vyote viwili. Tulichagua rangi kwa paa zima, na pamba juu ya vyumba viwili tu vya magharibi, ukiwemo ukumbi wa kompyuta. Vilivyobaki vilikuwa vya kulinganishia. Rangi ilipakwa Mei, mvua zilipokwisha.

## Matokeo

Fesi ziliposawazishwa, volti za alasiri zilibaki juu ya 195 kwa siku nyingi, na viyoyozi “dhaifu” vikaanza kupoza. Hilo peke yake lilinyamazisha nusu ya malalamiko ya ukumbi wa kompyuta ndani ya wiki.

Mazuti ya mwezi wa Novemba yalikuwa nusu ya yale ya Novemba iliyotangulia, na habari ikaenea kwamba mradi umepunguza matumizi kwa nusu. Haikuwa kweli. Kaye ilionyesha kwamba mwaka huo saa za kukatika umeme zilikuwa chache. Tulipogawa lita kwa saa za ukatikaji, mchana upungufu ulikuwa kama robo. Usiku ulikuwa karibu wote: jenereta iliwashwa usiku mara chache sana, ukatikaji ulipozidi uwezo wa betri. Mama Mkurugenzi alipoonyeshwa hesabu ya pili aliuliza kwa nini tunajipunguzia sifa. Tulimjibu kwamba mwaka ambao umeme utakatika zaidi, lita zitapanda, na hatutaki siku hiyo aone kazi imeharibika wakati haijaharibika.

Vyumba vya juu asubuhi ya Oktoba vilianza siku kwenye nyuzi 22 au 23 badala ya 26, shukrani kwa matundu. Hewa ukaa ilishuka hadi kati ya 900 na 1,200. Alasiri ndiyo ilikuwa na kisa chake, na nakieleza hapa chini. Kwa jumla, vikaratasi vya saa tisa vilivyoandikwa “joto kali” vilikuwa zaidi ya nusu mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili vilikuwa kama kimoja kati ya vitano.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Rangi nyeupe ilianza vizuri na ikatuangusha katikati. Mei na Juni kinasa cha darini kilionyesha tofauti kubwa. Mwanzoni mwa Oktoba tofauti ilikuwa imeliwa karibu yote. Sababu ilionekana kwa macho mara fundi alipopanda: miezi mitano bila tone la mvua, vumbi jekundu la barabara na moshi wa moto wa porini vilikuwa vimelifanya paa jeupe kuwa la rangi ya udongo. Mahali penye mvua mwaka mzima paa hujisafisha. Hapa hufika kwenye mwezi wa joto likiwa chafu kuliko wakati wowote. Lilioshwa kwa maji na brashi laini, na siku zilizofuata alasiri ya vyumba vya juu ilishuka kwa nyuzi 3 hivi ukilinganisha na siku za mwaka uliopita zenye joto la nje sawa. Sasa kuosha paa katika wiki ya mwisho ya Septemba kumeandikwa kwenye kalenda ya matengenezo, pamoja na gharama ya maji.

Julai nayo ilileta deni lake. Paa jeupe halichagui msimu. Asubuhi saa mbili madarasa ya juu yalikuwa na nyuzi 16, walimu wakaja na hita za umeme kutoka nyumbani, na mchoro wa umeme ukaonyesha mlima mpya kila asubuhi ambao haukuwepo. Sehemu ya suluhisho haikugharimu kitu: Juni na Julai jua la adhuhuri huegemea kaskazini, kwenye pembe ya nyuzi 55 hivi juu ya upeo, kwa hiyo vipindi vya kwanza vilihamishiwa madarasa ya kaskazini na mapazia yakafunguliwa. Hita zilipungua, hazikuisha.

Vile vyumba viwili vyenye pamba darini ndivyo vilivyofundisha zaidi. Oktoba vilikuwa baridi kuliko vingine hata kabla ya paa kuoshwa, na Julai asubuhi vilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi mbili. Rangi hufanya kazi msimu mmoja na huomba kuoshwa. Pamba hufanya kazi misimu yote miwili na haijali vumbi la juu ya mabati. Kwa mji wenye Julai na Oktoba za namna hii, fedha zikiwa za kutosha kimoja tu, pamba itangulie, hata kama italazimu kwenda chumba kwa chumba mwaka hadi mwaka.

Vibandiko vya “weka nyuzi 26” karibu na rimoti havikubadilisha chochote. Watu waliacha 16 pale tu feni zilipowekwa na kompresa zikaanza kufanya kazi, yaani walipoona kwamba chumba kinapoa kweli. Nilipata kusikia mameneja wakilalamikia tabia za wafanyakazi katika majengo mengine ambayo volti zake hakuna aliyewahi kuzipima.

Sehemu ya chini haikuguswa na mpango wa hewa ya usiku. Matundu yake yako chini mno, mtu akisimama nje anayafikia, na Papa Zamu alikataa katakata. Hatukumshinikiza, joto la chini halikuwa tatizo kubwa hata hivyo.

Kuhusu vipimo, kitu kimoja tungekitaka tangu mwanzo kwa jengo lolote la mji huu: kifaa chenye betri yake ya saa, na orodha ya ukatikaji wa umeme inayoandikwa na mtu aliyepo. Programu ya gharama kubwa isiyojua umeme ulikatika lini itachora mstari mzuri juu ya pengo, nao utaaminiwa.

Vinasa vya darini na kipimo cha fesi vimebaki kazini. Mlinzi wa mchana naye amepewa kaye, na karani huingiza kurasa zote mbili kwenye jedwali kila Ijumaa. Swali la paneli limerudi mezani: mabati mapya yamepangwa upande wa kaskazini, na kwa kuwa mzigo wa mchana sasa unajulikana saa kwa saa, ukubwa wa paneli utakadiriwa kwa mzigo huo. Ankara ya zamani ilikuwa imekadiria mara mbili ya kinachohitajika.